Nilivyouteka Mkono wa Mngoni

Siku mliponiaga mlinifunga kanga, mkanilisha keki kama bibi harusi, halafu yule mwenzenu mrefu akasimama akasema, "Mama, tuandikie uliyoyaona kazini." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa niko nyumbani, kuku hawana shida na mimi, mume wangu anasema nikishinda ndani namsumbua, basi nimekaa naandika. Vyeo sivitaji. Waliopanda walipanda, mimi nikabaki na viwiko na mabega ya watu, na wala sijuti. Mkitaka habari za mishahara kaulizeni dirishani kwa mhasibu.

Nitawapa habari za mikono tu. Miguu ina mambo yake, lakini mgonjwa wa mguu ni mnyenyekevu, maana kila akitaka kwenda chooni anakumbuka kwamba anaumwa. Mgonjwa wa mkono anatembea mjini, anapiga soga, anajiona mzima, na hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu.

Nilifika Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana wa Kihehe niliyezoea baridi ya Iringa. Nilishuka kwenye basi mchana, nikadhani dereva ameegesha karibu na tanuri la mkate. Kumbe ndiyo hali ya hewa. Kila kiumbe kilikuwa juu ya baiskeli, hadi mbuzi, kafungwa kwenye keria anatazama watu kwa dharau. Nikauliza hospitali iko wapi, nikaoneshwa, nikafika nimelowa jasho mpaka vyeti vilivyokuwa kwapani vikaniachia wino kwenye blauzi.

Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa kati ya stoo ya machela na chumba cha kufulia. Ndani palikuwa na benchi, kioo chenye ufa, kamba iliyopita kwenye kapi juu ya dari, tyubu kuukuu za baiskeli za kuvutia, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojazwa mchanga. Na palikuwa na Bwana Mponda, Mpogoro wa Mahenge, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Akikasirika alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na wewe uliyekosea ukatamani bora angekuchapa.

Masika ya mwaka wangu wa kwanza mchanga ulilowa, makopo yakaanza kunuka. Bwana Mponda akaagiza yajazwe mchele, maana Ifakara wakati wa mvua kupata mchele ni rahisi kuliko kupata mchanga mkavu. Basi wagonjwa wakaanza kupata nafuu ya ajabu. Bibi mmoja wa Idete ambaye alikuwa analia akiinua kopo, akawa anainua huku anatusimulia habari za wakwe zake. Tukamwita daktari aje aone. Daktari akaja, akafurahi, akampigia bibi makofi. Alipoondoka nikashika lile kopo ili niliweke mahali pake, likaniruka mkononi kwa wepesi. Mama wa usafi alikuwa anakwenda na mazoezi yetu nyumbani, kibaba kwa kibaba, anawapikia wanawe. Bwana Mponda akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Angalau kuna walionufaika." Tukarudi kwenye mchanga, safari hii tukaukaanga kwanza.

Sasa sikilizeni somo lake, maana nawaona siku hizi mnakimbilia mashine. Bwana Mponda alikuwa anasema, "Mkono hauna haraka. Mwenye mkono ndiye ana haraka." Uzito uwe mdogo. Mwendo uwe wa taratibu, kupanda na kushuka. Na mwili mwingine wote unyamaze. Mgonjwa anaegemea ukuta, visigino na mgongo vimegusa, anabana gazeti lililokunjwa kwapani, ndipo anakunja kiwiko. Gazeti likianguka, amedanganya. Maana mtu ukimpa mzigo mzito atauinua, hilo msitie shaka, lakini atauinua kwa kiuno, kwa magoti, kwa meno na kwa jina la mama yake. Mkono wenyewe unapanda bure kama abiria asiye na tiketi. Na kushusha kopo ni nusu ya kazi, tena ile nusu ambayo kila mtu anaikwepa.

Wanaume wa bonde hili kuwapa kopo dogo ni kuwatukana. Ni watu wa jembe, wa magunia ya mpunga, wa kukata miwa. Msukuma mmoja aliyepigwa teke na ng'ombe wake nilimpa kopo, akaligeuza, akalitazama chini, akaniuliza kwa heshima zote, "Daktari, hiki nimekiona. Sasa chenyewe kiko wapi?"

Lakini Msukuma yule alikuwa afadhali. Kisha akaja Gama.

Gama alikuwa mkata miwa, kwao Songea, mpana kama mlango. Alikuwa akifanya kazi kwenye kikosi cha mkulima mmoja wa miwa upande wa Kidatu. Alianguka kutoka juu ya tela lililojaa miwa, akavunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kiwiko. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu nyeupe mnayoijua. Lilipofunguliwa, mkono ukatoka umekonda, kiwiko hakikunjiki vizuri wala hakinyooki. Akahamia Ifakara kwa shemeji zake ili awe karibu na hospitali. Mkewe, Mama Tumaini, ni Mndamba wa hapahapa.

Waliingia wakati nakunja mashuka. Nikasema, "Karibuni, shikamoo." Gama badala ya kuitikia marahaba akainamisha kichwa, akasikiliza lafudhi yangu.

"Wewe si Mhehe wewe?"

"Ni Mhehe."

Akamgeukia mkewe. "Mama Tumaini, turudi nyumbani haraka. Kumbe hapa wameweka Mhehe, mla mbwa, na mimi mbwa wangu nimemwacha peke yake."

Nyie wa mjini utani mnaufananisha na matusi. Babu zetu Wahehe na babu zao Wangoni walipigana vita mpaka wakachoka, na hadi leo kila upande unasema ulishinda. Mikuki ilipowekwa chini tukabaki na maneno. Mtani anakusema utake usitake, anakuvua kofia, anachukua nyama kwenye sahani yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kitu kikishachukuliwa na mtani hakidaiwi, kinakombolewa. Ndiyo sheria. Kwa hiyo nami sikumwonea haya.

"Karibu ndani, Mngoni," nikamwambia. "Babu zako walitukimbia wakiwa na mikono miwili. Wewe umekuja na mmoja, utafika wapi?"

Akacheka mpaka akashika mkono mbovu. Mama Tumaini akakaa kwenye benchi, akasema, "Mkimaliza vita mniambie. Nimeacha maharage jikoni."

Nilipomkagua aliniambia shida yake, na hapo hakutania. Ukataji wa miwa ulikuwa umesimama kwa ajili ya masika. Msimu ukifunguka, nyapara atampangia mstari wa miwa, akate mbele yake tangu asubuhi hadi mapumziko. Akiweza, nafasi yake ipo. Akishindwa, anapewa mtu mwingine, na nyumba ya kambini anaiacha siku hiyohiyo. Ndimo walimozaliwa wanawe wote. "Sijui kazi nyingine, Mhehe," akasema. "Nikikosa panga, nimekosa."

Nikachukua kopo dogo kuliko yote. "Haya, shika. Hili ndilo saizi ya Mngoni."

Akacheka. Nikamwegemeza ukutani, nikambanisha gazeti kwapani, nikamweleza kila kitu, na nikamkataza kubeba kitu chochote nyumbani isipokuwa kopo hilo. Akaitikia, "Sawa, mkuu wa majeshi." Nikaona mambo yamekwenda vizuri.

Akawa anakuja siku zake, tunatukanana, anainua, anaondoka. Mwanzoni kiwiko kilianza kulegea. Halafu siku moja akaja nacho kimevimba, kina moto, hakiendi mbele wala nyuma. Nikamuuliza amefanya nini.

"Mazoezi yako."

"Mazoezi gani yaliyovimbisha hivi?"

"Ya Kihehe," akasema, akacheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji.

Kesho yake Mama Tumaini akaja peke yake. Hakukaa. "Dada," akasema, "mwenzako anabeba magunia mashineni."

"Mashine ipi?"

"Ya kukobolea mpunga. Anashindana na makuli. Kila siku akitoka hapa anapitia pale. Anasema lile kopo ni utani. Anasema, 'Yule Mhehe anataka siku nimerudi Songea awaambie ndugu zake kwamba Mngoni mzima alikaa ukutani na kopo la maziwa ya mtoto, na gazeti kwapani, na akakubali.' Ukimwambia taratibu, anacheka. Ukimwambia asibebe, anasema hata hilo ni utani."

Wanangu, hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe maneno yote niliyomwambia, ya mdomoni na ya kitaalamu, aliyatia kwenye kapu moja. Kwake Mhehe hawezi kumwambia Mngoni jambo la kweli. Na kila gunia alilolitupa begani lilikuwa linamfungia kiwiko, huku yeye akiamini anakifungua.

Nikamwomba Bwana Mponda aseme naye. Mzee akamkalisha, akavua miwani, akamweleza kwa upole wote kwamba kiwiko kikiendelea kuvimba hivyo kitaganda, na kikiganda hakuna wa kukigandua. Gama akasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mzee wangu. Na huyo aliyekutuma mwambie Wahehe siku zote hawakosi wajumbe."

Alipotoka Bwana Mponda akaniangalia. "Huyu mimi hanisikii," akasema. "Anakusikia wewe tu, tena anakusikia vibaya. Basi msemeshe kwa lugha anayoisikia."

Nikafikiri usiku? Aa, sikufikiri hata dakika. Nikavua koti jeupe, nikachukua bendeji mfukoni, nikapanda baiskeli ya Bwana Mponda nikaenda mashineni.

Mnaijua mashine ya mpunga ikiwa kazini. Injini inanguruma, pumba zinaruka, watu wote weupe nyusi kama wazee. Makuli walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye mizani hadi kwenye lori, na katikati ya mstari nikamwona Gama, kainama, anataka kulirusha gunia kwa kiuno, mkono wa kulia unaning'inia pembeni unasindikiza. Nikapanda juu ya mizani ili nionekane. Fundi wa injini akaniona, akadhani kuna msiba, akazima.

"Jamani, habari za kazi!"

"Nzuri!"

"Mimi ni Mhehe. Huyu hapa ni Mngoni. Kuna asiyejua tulivyo?"

"Tunajua!" wakajibu. Mnyakyusa mmoja akatua gunia lake kabisa, akalikalia, apate kuona vizuri.

"Babu zangu waliteka ng'ombe wao. Mimi leo nateka mkono." Nikashuka, nikamshika Gama kifundo cha mkono wa kulia, nikauinua juu. "Huu! Kuanzia sasa ni mali yangu. Wa kushoto siutaki, abaki nao."

Makuli wakapiga kelele za furaha. Gama alikodoa macho. Angekasirika angekuwa amevunja utani mbele ya watu, na hakuna Mngoni anayetaka sifa hiyo. Akajaribu njia ya sheria.

"Sawa, mtani. Nitaukomboa kwa jogoo."

"Jogoo wa Kingoni wamekonda, siwataki. Utaukomboa kwa kazi. Utakuja nikikuita, utainua ninachotaka, kwa mwendo ninaoutaka. Na siku nitakayosikia mkono wangu umelala chini ya gunia, hawa ndio mashahidi wangu."

Nikamfunga ile bendeji kifundoni, kama anayemfunga mbuzi wake aliyemnunua mnadani, nikapanda baiskeli. Nilipogeuka nikamwona Gama anainama, labda kwa mazoea tu, na mstari mzima ukamfokea, "Wee! Mkono wa Mhehe huo!"

Habari zikaenea mji mzima kabla sijafika hospitali. Basi mtani wangu akapata taabu. Akitaka kuchota maji kisimani, wanawake wanamuuliza kama ana ruhusa ya mwenye mkono. Muuza vitumbua akakataa kumpa kitumbua mkono wa kulia. Kilabuni alikinyanyua kikombe cha pombe, mtu kutoka pembeni akaita, "Mhehe anajua?" Akanywa kwa mkono wa kushoto, akajimwagia nusu. Mama Tumaini alinisimulia hayo akiwa amejishika mbavu. Nami naapa sikumlipa mtu yeyote. Watu wa Ifakara ukiwapa kazi ya kumcheka mwenzao wanaifanya bure, tena kwa zamu.

Uvimbe ukashuka, tukaanza upya na lile kopo dogo. Ikabaki shida ya mwendo, maana alikuwa akihesabu moja hadi kumi kwa pumzi moja. Bwana Mponda alikuwa na dawa yake: mgonjwa akiinua anataja vijiji, Ifakara, Idete, Namawala, na akishusha anarudi kijiji kwa kijiji, na anayerudi haraka tunamwambia amepinduka na baiskeli. Gama akasema vijiji hivyo havimhusu.

"Mimi nakwenda kwetu Songea."

"Nenda. Barabara iko wazi."

Akaegemea ukuta, gazeti kwapani. "Ifakara," akaanza, kopo liko chini. "Kidatu. Mikumi." Kopo linapanda. Akataka kurukia Makambako. Nikaweka kiganja juu ya kopo.

"Unapita wapi kwenda Makambako?"

Akajua nimemkamata.

"Sema, unapita wapi?"

"Iringa," akasema kwa shingo upande.

"Basi Iringa unasimama. Huwezi kupita kwetu bila kusalimia wenyeji." Kiwiko kilikuwa kimefika katikati kabisa, pale penye kazi ngumu kuliko kote. "Salimia."

"Kamwene," akasema kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia. Wazee wetu masikio mazito."

"Kamwene!"

"Haya, nenda Makambako."

Ikawa ndiyo njia yake. Kidatu, Mikumi, Iringa anasimama anasalimia, Makambako, Njombe, Songea kopo limefika begani. Halafu safari ya kurudi, na kurudi vilevile lazima asimame Iringa. Wagonjwa wengine wakawa wanawahi kuja ili wamsikie Mngoni akisalimia kwa Kihehe. Ninyi mnaotafuta saa ya ukutani ya kuhesabia mapigo, jueni kwamba hakuna saa iliyowahi kumpunguza mtu mwendo kama aibu.

Tukapanda hadi kopo kubwa zaidi. Tukaja kwenye tyubu ya baiskeli, anavuta taratibu na kuiachia taratibu zaidi. Halafu nikamwambia alete panga lake, nikampeleka nyuma ya jengo kwenye matete, nikamfanya akate polepole, kiwiko karibu na mwili, mkono ushuke hadi usawa wa udongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba muwa hukatwa chini kabisa kwa sababu sukari iko kwenye shina, na nyapara anaangalia kisiki kabla hajamwangalia mtu.

Siku moja katikati ya safari alikwama. Kopo liko Njombe, haliendi, na sikumwona akitafuta neno la kunitukana. Akasema taratibu, bila kunitazama, "Mhehe. Ukikataa kurudi huu, wale watoto nawapeleka wapi?"

Nilitafuta utani nikakosa. Niliogopa, nawaambia kweli. Kiwiko kilikuwa hakijanyooka sawasawa na masika yalikuwa yanakatika. "Shusha polepole," nikamwambia. "Usidondoshe gazeti." Akashusha, kituo kwa kituo, na Iringa akasalimia bila kukumbushwa.

Msimu ukafunguka. Akaondoka na mkewe kwenye lori la kwenda Kidatu, panga limefungwa kwenye gunia. Nilikwenda stendi kumsindikiza, na kwa kuwa palikuwa na watu nilimwambia kwa sauti kwamba mkono bado ni wangu, nimemwazima tu kwa kazi. Akasema atautunza kuliko ninavyotunza mbwa wangu. Lori likaondoka, nikarudi kazini, na siku zilizofuata sikuwa na faida kwa mtu. Nilimpa mgonjwa wa goti kopo la mkono. Bwana Mponda miwani yake aliifuta mara nyingi kuliko kawaida.

Walirudi mchana, chumba kimejaa. Gama alitangulia, kichwa chini, mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitenge cha mkewe. Mama Tumaini alikuwa nyuma, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Wagonjwa waliokuwa wakimjua wakashusha makopo yao. Akaja hadi mbele yangu.

"Mhehe," akasema, "chukua mkono wako. Sina kazi nao tena."

Nilikuwa na bakuli la maji ya moto mkononi, sikumbuki nililiweka wapi. "Kaka yangu," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. "Pole. Pole sana, kaka yangu. Jamani, na watoto?" Nikalia. Si yale machozi ya kufuta kwa kidole, nililia kwa sauti, mbele ya wagonjwa, na sare mwilini.

Gama akainua kichwa, akanichungulia.

"Mama Tumaini, umeona? Umeona mwenyewe? Mhehe analia!"

Akauchomoa mkono kwenye kitenge, mzima, akaunyoosha hadi dari. Mama Tumaini akaachia kanga, na kumbe muda wote alikuwa anacheka. Kazi ameipata! Nyapara alimcheka asubuhi, akamwambia anakata kama anayenyoa mtoto mchanga. Waliokuwa mistari ya pembeni wakamwacha mbali. Lakini jua lilipopanda wale wenye nguvu wakaanza kurusha panga kwa kiuno, visiki vyao vikawa virefu, na yeye bado anakwenda mwendo uleule, kituo kwa kituo. Mapumziko nyapara akapita na mstari wake, akainama, akapapasa visiki kwa kiganja, vyote viko usawa wa udongo. Akasema tu, "Kesho uwahi." Basi. Nafasi yake, nyumba yake, vyote.

Chumba kizima kikalipuka kwa makofi. Hata yule mwenye goti alipiga miguu chini, jambo ambalo nilikuwa nimemkataza.

Ila mimi machozi hayakukatika. Nilijaribu, nikashindwa. Kila nikimtazama yanakuja upya, nikakaa kwenye benchi na kujifunika uso kwa taulo la wagonjwa. Makofi yakafifia. Nikasikia Gama amechuchumaa mbele yangu, na sauti yake haikuwa na kicheko tena.

"Dada," akasema. "Dada, basi. Nimezidisha. Nisamehe, dada yangu, nisamehe sana."

Nikashusha taulo. Nikafuta pua. Nikasimama.

"Mmesikia?" nikawauliza wagonjwa. "Nani kasikia? Mngoni amemwomba Mhehe msamaha! Mashahidi mpo?"

"Tupo!"

Gama akatafuta shahidi wa upande wake. Akamtazama mkewe, mkewe akageukia dirishani. Kicheko kikamkamata hukohuko chini, akanyanyuka akiyumba, akacheka mpaka pumzi zikamwishia, akajishika ukutani asianguke, uzito wake wote juu ya mkono wa kulia, wala hakukumbuka kwamba ulikuwa wangu.